Neno Lililoliwa na Mchwa

Ukifika Zombe siku ya soko utamkuta Evanson Kiilu barazani pa duka la mbegu, meza ndogo mbele ya magoti yake, kalamu mbili mfukoni mwa shati. Mwambie akuandikie barua kwa Kikamba, ataandika. Mwambie kwa Kiswahili, ataandika na kukusomea mara mbili, na akifika mwisho atakuuliza, "Ndivyo ulivyosema?" Lakini mwambie, "Mzee, iandike kwa Kizungu iwe na nguvu," uone. Ataifunga kalamu na kukwambia nenda shuleni, walimu ni wengi. Wageni hudhani hakijui. Wacha wadhani. Sisi tuliokua tukimwita Dikshonari tunajua kwamba hapakuwa na mwalimu huku kwetu aliyemzidi Kiilu kwa Kizungu, na balaa lenyewe lilianzia hapo hapo.

Shule aliishia darasa la nane, kabla ya uhuru. Baadaye akapata kazi ya kumshikia mnyororo Mzungu mmoja aliyekuwa akipima barabara, na Mzungu alipoondoka alimwachia kamusi ya Kiingereza iliyopoteza jalada. Mtu mwingine angeichana asokotee tumbaku. Kiilu aliitia kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda, na kila asubuhi kabla ya chai alikuwa akitoa neno moja, akilinakili kwenye daftari, na kabla jua halijatua lazima neno hilo liwe limetumika. Fundi wa viatu aliambiwa kwamba raba zake zilizochakaa ni dilapidated. Mkewe alisifiwa kwamba muthokoi wake wa mahindi ulikuwa sumptuous, akanuna siku mbili akidhani ametukanwa. Watu walicheka, naye alipenda wacheke, maana baada ya kucheka walikuwa wakimletea barua zao. Siku zile tuliamini kabisa kwamba ofisi hazisikii Kiswahili. Barua ya Kiswahili ilikwenda ikapotea. Ya Kiilu ilijibiwa, hata kama jibu lenyewe lilikuwa hapana.

Halafu mchwa wakaingia sandukuni. Ilikuwa mwaka wa mvua nyingi, naye alikuwa kwa wakwe zake karibu wiki tatu. Aliporudi akakuta wameitoboa kamusi kutoka juu mpaka chini, ukurasa huu una tundu dogo, ule una tundu kubwa. Angeweza kuitupa. Angeweza kwenda shule ya misheni, mwendo wa saa moja, ambako kulikuwa na kamusi nzima kabatini, akaomba kuitazama. Hakwenda. Dikshonari aende kwa walimu kuomba maana ya neno, watu wamwone? Akaendelea na ile ile ya kwake, na popote alipokuta tundu alilijaza mwenyewe kwa akili yake. Mara nyingi alipatia, na kupatia huko ndiko kulikomharibu.

Hivyo ndivyo alivyolipata neno erstwhile. Liliandikwa wazi, mbele yake kukawa na neno dogo, old, kisha tundu la ukubwa wa punje ya kunde. Old alilijua, ni zamani. Erstwhile basi ni kitu cha zamani. Lakini neno refu namna hii, lenye kumsumbua mtu ulimi, haliwezi kuwa zamani ya jana na juzi. Hii lazima iwe zamani yenyewe, ile tunayoiita tene. Na tene yetu Wakamba ina mambo: ni zamani, ni mapema, na ukiikariri, tene na tene, inakuwa milele, ndivyo wanavyomalizia sala kanisani. Kiilu akaandika daftarini: erstwhile, wa tangu tene. Akalipenda neno lile kuliko yote aliyowahi kuyaandika. Akaliweka akiba, akalingojea jambo lenye uzito wa kulitosha.

Jambo likaja na Ndila.

Ndila alikuwa mjane, jirani yake tangu utoto. Wakati wa njaa tuliyoiita ya mihogo, Kiilu akiwa mtoto aliyekonda hata mbavu zikahesabika, mama yake alikuwa mgonjwa, na Ndila, wakati huo bibi arusi tu, alikuwa akimwita nyuma ya jiko na kumpa uji kutoka kwenye kibuyu chake mwenyewe. Hakuwahi kumkumbusha. Kiilu ndiye aliyejikumbusha, ndiyo maana alimwita mwaitu, mama yangu, ingawa hawakuwa ndugu. Shamba la Ndila lilishuka mpaka kwenye mto wa mchanga. Lilikuwa na kisima alichokichimba kwa mikono yake, na chini ya mkwaju alikuwa amelala Nzuki, mumewe.

Kisha Kavata, binti yake wa pekee, aliyeolewa kule Mtito Andei kwenye barabara ya Mombasa, akajifungua vibaya na kulazwa hospitali muda mrefu. Ndila akafunga nyumba akaenda kumuuguza na kulea kichanga. Akakaa miaka miwili. Shamba alimwachia mtoto wa shemeji yake, Ndululu, alitazame. Ndululu alilitazama mpaka akalipenda. Alipanda ndengu, akazungusha ua wa miiba, na watu wa kupima ardhi walipopita aliwaonyesha mipaka kana kwamba alizaliwa nayo mkononi. Ndila aliporudi akakuta jina lililoandikwa ni la Ndululu. Akaweka pingamizi, akaambiwa alete maelezo yake kwa maandishi siku afisa atakapokuja kusikiliza. Hiyo ilikuwa mwaka wa sabini na nne.

Alikuja kwa Kiilu mapema, umande ukiwa bado majanini, akaketi kwenye kigoda na kuvua viatu.

"Andika hivi," alisema. "Mimi sikuja jana. Nililetwa hapa nikiwa msichana, ng'ombe wakatoka, watu wakaona. Kisima nimechimba mimi. Nzuki nimemzika hapo mimi. Mwenye shamba hili ni mimi tangu tene, na bado ni mimi."

Kiilu aliandika. Alifika kwenye tene, mkono ukamwasha. Akaandika kwamba yeye, Ndila, ni the erstwhile owner of this land. Kisha akaandika yaliyobaki, akayasoma tena, akayakata kwa mstari.

"Mbona unakata?" Ndila aliuliza. Kusoma hakujua, lakini mstari juu ya maneno aliuona.

"Nimekata 'na bado ni mimi', mwaitu. Haina haja. Neno nililoweka limebeba yote, hiyo bado imo ndani yake."

"Lakini nilitaka isemwe."

"Itasemwa. Hili neno ni zito, wewe ngoja tu waone."

Ndila aliitazama karatasi. Alikuwa mtu wa kubishana na dunia nzima, lakini hakuwahi kubishana na maandishi. Akanyoosha mkono, Kiilu akampaka wino kwenye kidole gumba, akakibonyeza chini ya ukurasa. Kisha Kiilu akainakili safi, moja ya ofisi, nyingine yake Ndila, zote zikatiwa kidole.

Afisa alikuwa Bwana Mbugua, mtu wa kutoka Mkoa wa Kati, mpole, mwenye miwani. Alisikiliza kesi kwenye darasa moja la shule, wazee wawili wa kijiji pembeni yake. Kikamba hakukijua, na mkalimani wake alikuwa mgonjwa siku hiyo, kwa hiyo Kiilu akaitwa asimame badala yake.

"Kiswahili kinatosha, Bwana Kiilu," Mbugua alimwambia mwanzoni kabisa. "Tusijichoshe."

Hapo ndipo. Kila akisimulia, Kiilu husimama hapo. Aliambiwa Kiswahili kinatosha! Angesema kwa Kiswahili, huyu mama ni mwenye shamba tangu zamani mpaka leo, mambo yangekwisha kabla ya saa sita. Lakini darasa lilikuwa limejaa watu wa Zombe, madirishani watu, mlangoni watu, wote wamekuja kumsikia Dikshonari akizungumza na afisa. Akajibu kwa Kiingereza kwamba hapana taabu hata kidogo.

Ndululu alisema yake, kwamba mama huyu alihama na yeye ndiye aliyelima. Ndila akasema yake. Mbugua akaisoma ile karatasi, akairudia, kisha akainua macho.

"Hapa anasema yeye ni erstwhile owner. Ndivyo anavyosema mwenyewe?"

"Yes, sir," Kiilu alisema.

"Una hakika ni neno hilo?"

Kiilu alidhani Mbugua ameshangazwa na ufundi wake. "Sir, all of us know it," alisema, akiwaonyesha wazee kwa mkono. "She is very erstwhile."

Wazee waliona mkono unawaelekea, wakatikisa vichwa kukubali. Mbugua alimtazama Ndila kidogo, kama mtu anayemwonea huruma anayejifunga mwenyewe. Akainama, akaandika. Watu wa dirishani walinong'onezana kwamba leo Ndululu amepatikana.

Majibu yalikuja baada ya mwezi. Shamba lilikuwa la Ndululu.

Kiilu alikasirika kuliko Ndila mwenyewe. Aliandika rufaa kurasa nne, na lile neno akalitia mara tatu ili lisiwapite tena. Jibu la rufaa lilichukua karibu mwaka, nalo lilikuwa mistari mitano. Lilisema kwamba by her own admission mama huyu hakuwa tena na haki kwenye shamba. Kiilu alilisoma akiwa amesimama njiani. Admission alikuwa analijua vizuri, ndilo wanaloandika mtu akiingia shule au akilazwa hospitali.

"Wanasema ni kwa sababu ya kule kulazwa hospitali," alimweleza Ndila. "Ile miaka yako miwili na Kavata."

"Yaani ningemwacha mwanangu afe?"

"Ndivyo wanavyosema, mwaitu."

Ndila hakulia mbele ya watu. Alikwenda akakaa chini ya mkwaju mpaka jioni, na wiki ile ile akafunga vitu vyake kwenda kwa Kavata. Kiilu alimbebea sanduku mpaka kwenye basi. Alipopanda, Ndila alimshika mkono dirishani akamwambia, "Wewe ulinipigania. Mungu ameona." Na Kiilu, masikini, aliyapokea maneno hayo kama haki yake. Kwa miaka mingi kila akimkumbuka Ndila alijiona mtu mwema, na hicho ndicho kitu ambacho leo hawezi kujisamehe, zaidi ya neno lenyewe.

Kavata alikuwa amefungua hoteli ndogo pale Mtito Andei, chapati, maharagwe na chai ya rangi kwa madereva wa malori. Mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno, Kiilu alisafiri kupitia Mutomo na Ikutha mpaka Kibwezi, akashika gari la kuteremka, akawapelekea gunia la ndengu za Zombe. Ndila alikuwa akiishi chumba cha nyuma. Kila akifika, wakishasalimiana na kuulizana habari za mvua, Ndila alifungua leso na kuitoa ile karatasi yake yenye kidole. "Nisomee," alisema. Naye Kiilu alimsomea kwa Kikamba, bila haraka: ng'ombe wakatoka, watu wakaona, kisima, Nzuki, mwenye shamba tangu tene na bado ni mimi. Ile bado hakuwahi kuiruka, ingawa haikuwamo. Ndila alisikiliza amefumba macho, kisha akaikunja tena. Alisema ipo siku mtu mwenye akili ataisoma.

Mwaka wa themanini na sita Kiilu alifika saa tisa hivi, Ndila akiwa anaoga. Kavata akamketisha mezani akamletea chai. Mbele yake alikaa Abdallah Shee, karani wa stesheni ya petroli ng'ambo ya barabara, mtu ambaye wazee wake walitoka pwani. Alikuwa akisoma gazeti la Kizungu, ukurasa wa mpira ukimwelekea Kiilu. Kiilu akaliona neno lake, akafurahi kama aliyekutana na mtu wa kwao ugenini. The erstwhile coach.

"Huyo kocha basi ni mkongwe," alisema, akinyoosha kidole. "Yuko na hiyo timu tangu tene."

Abdallah aligeuza gazeti akatazama. "Nani, huyu? Huyu alifukuzwa wiki iliyopita, mzee. Amekaa na timu miezi sita tu."

"Lakini wameandika erstwhile."

"Si ndiyo. Aliyekuwa kocha."

"Kocha wa zamani."

"Wa zamani, ndiyo."

"Basi, tangu zamani."

Abdallah alicheka, si kwa ubaya. "Mzee, si hivyo. Mke uliyemwacha ni mke wako wa zamani, sivyo? Huyo si mke wa tangu zamani. Wa tangu zamani yuko nyumbani anakupikia. Hii erstwhile ni yule uliyemwacha. Alikuwa, sasa siye."

Kiilu alikishusha kikombe. Alimwomba alisome tena. Kisha akauliza, sauti ikiwa chini, mtu akisema by her own admission, hiyo admission ni ya hospitali? Abdallah akamwambia hapana, hiyo ni kukiri. Kwa kukiri kwake mwenyewe. Abdallah naye akauliza kama kuna kesi.

Miaka kumi na miwili ilimpita usoni pale mezani. Akaliona darasa, akamwona Mbugua akiinua macho na kumuuliza una hakika. Lile halikuwa swali la mshangao. Yule mtu alikuwa akimfungulia mlango atoke, naye akaufunga kwa nguvu akidhani anapigiwa makofi. Very erstwhile! Wazee wakitikisa vichwa, na yeye ndiye aliyewatikisa. Ndululu hakuwa na haja hata ya kuwa mwongo hodari. Kuuliza si ujinga, msemo huo Kiilu aliwaandikia wazazi mara ngapi kwenye barua za shule? Na tundu lile alikuwa akiliona kila siku kwa macho yake.

Alifikiria kuondoka. Hatukufichi, alifikiria. Gunia amekwishalileta, angesema anawahi gari. Lakini Kavata alikuja akamwambia, "Mzee Kiilu, mama ameketi, anakuita."

Ndila alikuwa kitandani, amejifunga leso safi, mifupa ya mabega imetokeza. Waliulizana habari za mvua. Kisha akafungua leso. "Nisomee."

Kiilu aliichukua karatasi, akapiga magoti sakafuni.

"Mwaitu, leo nitakusomea ilivyo," alisema. "Nilikosea. Neno nililoandika halina maana ya tangu tene. Maana yake ni aliyekuwa. Niliandika kwamba wewe ulikuwa mwenye shamba, na sasa siye. Wao walisoma hivyo. Walisoma nilichoandika."

Nje lori lilikuwa likirudi nyuma, dereva akielekezwa.

"Ulikuwa hulijui hilo neno?"

"Mchwa walikuwa wamekula maana yake. Nikaijaza mwenyewe."

"Na pale shule ya misheni hapakuwa na mtu?"

"Walikuwapo."

"Mbona hukuuliza?"

"Niliona haya," alisema.

Ndila alinyoosha kidole, akakipitisha juu ya mistari asiyoweza kuisoma, polepole, mpaka katikati ya ukurasa. "Na ile bado yangu iko wapi? Nilikwambia uandike na bado ni mimi. Niliiona ukiikata. Hapa iko wapi?"

"Haimo, mwaitu."

"Lakini kila mwaka unanisomea."

"Nilikuwa nikisoma kwa kinywa tu."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka yule mama, yaliyokataa kumtoka chini ya mkwaju. Hakupiga kelele. Aliyafuta kwa ncha ya leso, akaikunja karatasi mara nne kwa mikunjo yake ya siku zote, akaitia mkononi mwa Kiilu na kuvifunga vidole vyake juu yake.

"Kidole ni changu," alisema. "Hayo maneno mengine ni yako. Nenda nayo."

Kisha akamwita Kavata amletee Kiilu chakula, maana safari ya Zombe ni ndefu, na alikuwa hajala tangu asubuhi.